Nguzo za Troli ya Garsen

Garsen,
6 Februari 1955

Kwako dada yangu Tamar,

Nakusalimu, na baada ya salamu nakuarifu kwamba mimi ni mzima ila goti la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Shangazi Kadii kule Tarasaa hajambo. Anauliza kama huko Ulaya umepata mwili au bado u mwembamba vilevile. Mahindi yake ya kando ya mto yameliwa na viboko, naye amewatukana mmoja mmoja kana kwamba anawajua wazazi wao. Mbuzi wako mweupe amezaa pacha. Mchungaji wetu amehamishwa, na huyu mpya anahubiri mpaka watu wanasikia njaa.

Kifurushi chako kimefika. Kilikaa Malindi mpaka barabara ikauke, kisha kikaletwa na lori la Hared, yule Msomali wa biashara ya ng'ombe. Nilikifungua peke yangu, maana tangu mke wangu Dama afariki sina wa kufungua naye kitu. Troli hii ni nzuri kuliko zile tatu za kwanza. Ina ghorofa mbili, ngazi ndogo nyuma, mkanda wa kijani ubavuni, na juu ya paa ina fimbo ndefu yenye kigurudumu nchani. Nimeijaribu kwenye reli zangu, upana ule ule wa vidole viwili, ule unaosema dukani wanauita kipimo cha O. Imekaa sawasawa.

Shida ni kwamba zile tatu nazitia ufunguo zikaenda, na hii haina tundu la ufunguo. Nimeigeuza juu chini nikitafuta. Nadhani inataka umeme, na umeme wa Garsen ni ule unaokuja na radi.

Nikiitazama namkumbuka baba. Unakumbuka alivyotusimulia alipokuwa kijana Mombasa, akisukuma troli za wakubwa juu ya reli, kabla motokaa hazijajaa? Njia ilikuwa moja tu. Troli mbili zikikutana, mwenye cheo kidogo anashuka, yake inanyanyuliwa na kuwekwa kando ili mwenzake apite. Baba alisema miaka yote ile hakuona bwana hata mmoja aliyekubali upesi kwamba yeye ndiye mdogo. Wao wakibishana, wasukumaji walikuwa wanapata nafasi ya kukaa chini.

Jambo lingine. Dabaso alivuka mto hapa juzi na pantoni yangu. Aliuliza utarudi lini. Nikamwambia miaka miwili uliyosema imekwisha, huu ni wa tatu, hata mimi sijui. Akasema yeye ni ndugu wa marehemu mumeo, na mke wa ndugu hakai bure, na kwamba amekwisha kukujengea nyumba. Nimekufikishia kama nilivyoambiwa, sikuongeza wala kupunguza.

Kama kuna njia ya kuiendesha troli hii nieleze. Jioni zangu ni ndefu.

Ndimi kaka yako, mvuta pantoni,
Jairus Changawa


Glasgow,
20 Aprili 1955

Kaka Jairus,

Barua yako ilifika jana. Pole kwa goti. Lipake mafuta ya nyonyo na uache kulisema vibaya. Mwambie shangazi nimepata mwili, lakini nusu yake ni soksi na sweta. Huku wanasema ni majira ya kuchanua maua, na asubuhi hii maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu. Watoto niliokuja kuwalea wamekuwa wakubwa. Yule mdogo sasa anakwenda shule na hataki nimshike mkono mbele ya wenzake.

Kuhusu troli yako, nilimuuliza Bwana Murdo, yule mzee mwenye duka la vitu vikuukuu ninakozinunua. Ni kweli inataka umeme, lakini umeme mdogo, hata betri ya lori inatosha. Waya mmoja wa betri unaufunga kwenye reli. Wa pili unaufunga kwenye waya mwembamba unaopita juu, na ile fimbo ya paani inaugusa kwa kigurudumu chake. Basi moto unashuka kwa fimbo, unaingia ndani ya gari, unatokea kwenye reli, na gari linakwenda. Magari makubwa ya huku siku hizi yana upinde wa chuma badala ya fimbo, lakini lako ni mfano wa yale ya zamani. Waya nimekutilia humu ndani ya kopo la biskuti.

Waya huo lazima ushikwe na nguzo. Chonga za mti mkavu, zifike magotini pako, uzisimike kando ya reli moja baada ya moja. Mzee anasema zamani nguzo ya kituo ilipakwa mkanda wa rangi, nyekundu kwa njia hii, nyeupe kwa ile, buluu kwa nyingine, ili hata asiyejua kusoma ajue gari lake litasimama wapi. Nimependa sana jambo hilo. Siku nilipofika mji huu laiti ningalipata rangi za kufuata.

Bwana Murdo ni mjane. Alikuwa askari huko Voi katika vita vya kwanza, na Kiswahili chake kilichobaki ni maji, haraka, pole pole na tusi moja nisiloweza kuliandika. Alhamisi ananipa kiti nyuma ya duka, ambako ana meza nzima ya reli, tunaendesha magari na kusema kidogo sana. Ndiyo siku pekee ya juma ambayo mtu hunitazamia.

Na yale mengine uliyonifikishia, umeyafikisha.

Dada yako,
Tamar


Garsen,
14 Agosti 1955

Kwako dada yangu Tamar,

Salamu tele. Huku hatujambo, isipokuwa masika yalitufungia mto, pantoni ikalala ukingoni kama ng'ombe mgonjwa, nami nikala mshahara wa kukaa. Shangazi Kadii alishikwa na homa, akapona, akaanza kutukana viboko tena, hivyo tukajua amepona kweli. Pacha wa mbuzi wako mmoja amechukuliwa na fisi.

Troli inakwenda, Tamar. Naandika tena uone: inakwenda.

Nimeijenga uani, kwa sababu ndani hapatoshi. Nguzo nilichonga nikingojea watu wa kuvusha, na kila nguzo ina kichwa cha mviringo na shingo, ili waya ukae shingoni usiteleze. Reli inaanzia mlangoni pangu, ambapo ndipo Garsen. Inakwenda Tarasaa karibu na jiko, inazunguka kwenda Ozi chini ya kamba ya nguo, kisha inapanda mpaka Hola kwenye banda la kuku. Rangi sina, na duka la Ahmednoor lina rangi ya mitumbwi tu. Kwa hiyo vituo nimevifunga vitambaa shingoni. Ozi nimekifunga chekundu, kipande cha leso ya marehemu Dama. Tarasaa cheupe, cha gunia la unga. Hola nimekifunga kaniki nyeusi.

Betri ni ya Hared. Lori lake likingoja zamu ya kuvuka anafungua betri ananiletea mwenyewe, anakaa kwenye kiti changu, ananiamuru niipeleke troli Hola ikamletee habari za soko. Ikifika wakati wa kuondoka anaichomoa bila kuuliza, na troli inabaki njiani. Juzi ilibaki kati ya Tarasaa na Ozi kwa wiki nzima. Sora, yule rafiki yangu Muorma wa ng'ombe wengi, aliitazama mara tatu ikizunguka, akaniuliza inatoa maziwa kiasi gani.

Hao wote hucheka, hunywa chai, huvuka. Kazi yangu ni hiyo, kumpeleka kila mtu upande anaoutaka kisha nirudi na kamba mkononi. Wakiondoka natembeza troli mpaka betri ichukuliwe, na baada ya hapo nakaa tu.

Nikipata gari la pili la umeme nitafurahi. Na reli za kupishana. Usifanye haraka.

Dabaso anakusalimu.

Kaka yako,
Jairus


Glasgow,
30 Oktoba 1955

Kaka Jairus,

Sijambo. Natumai nanyi hamjambo, na mto umetulia. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kusikia kwamba inakwenda. Nilimsomea Bwana Murdo barua yako nikimgeuzia maneno. Alicheka kituo cha banda la kuku mpaka akakohoa. Gari la pili analitafuta.

Nimeacha kazi kwa wale watu. Hatukugombana. Watoto wamekua, wakaona hawanihitaji, wakanieleza kwa adabu. Tikiti yangu ya meli wameniwekea, bwana amesema ipo mpaka mwisho wa mwezi wa sita mwakani. Kwa sasa nimepata kazi nyingine. Nitakueleza siku nyingine ni kazi gani. Nimehama pia, anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Wasalimu wote.

Tamar


Garsen,
8 Januari 1956

Dada yangu Tamar,

Nakusalimu. Tumeingia mwaka mpya salama. Keti kwanza, ndipo usome.

Mvua za Novemba zilikata barabara pande zote mbili. Lori la Hared lilikwama hapa, na mimi nikakaa na betri yake siku nyingi mfululizo, nikaona nimepata ufalme. Siku moja alipita mama mmoja wa Tarasaa aliyekuja kuuza mahindi. Alisimama kwenye ua wangu, akaangalia, akaenda zake. Nilidhani amevutiwa na troli.

Tamar, mimi na wewe tulilelewa misheni, na huenda ndiyo maana sikuona nilichokuwa nimekifanya. Nguzo za mti, zimefika magotini, zina kichwa na shingo, zimesimama mstari mmoja kando ya nyumba, na shingoni zimefungwa kitambaa chekundu, cheupe na cheusi. Mgiriama mwenzetu akiona hivyo ataona nini? Aliona koma, nguzo za mizimu ya wafu. Akaenda Tarasaa akasema Jairus amesimika koma uani kwake, tena nyingi. Koma husimikiwa marehemu anayemjia mtu ndotoni kwa kukosa kupumzika. Wakajiuliza ni nani katika nyumba ya Changawa aliyekufa bila kuliliwa. Wakakukuta wewe, uliyekwenda usirudi.

Waliingia asubuhi, shangazi Kadii mbele. Nilisikia vilio toka barabarani, nikatoka nione kafa nani. Shangazi alinipita, akaanguka mbele ya kituo cha Ozi, akakumbatia nguzo ya kitambaa chekundu akakulilia kwa jina. Nikamwambia, "Shangazi, hicho ni kituo cha troli." Akanifunika mdomo kwa kiganja, akawaambia wenzake, "Mwacheni, msiba umempanda kichwani."

Kila nilipowaambia u hai, walizidi kulia. Nikakimbia ndani nikaleta barua yako. Shangazi akauliza, "Ni ya mwezi gani?"

"Wa nne."

"Na watu hufa mwezi wa tano, Jairus."

Barua yako ya Oktoba ilikuwa bado haijafika, kwa ajili ya barabara. Nilisimama pale na karatasi mkononi, nikahesabu tangu Aprili, na kwa mara ya kwanza nami nikaogopa. Hapo nikakaa chini nikalia. Wao walipoona nalia wakaona sasa mambo yamekwenda kama inavyotakiwa.

Walitandika mikeka. Walipika sima na mboga ya mchunga kwenye jiko langu, ambalo halijaona chungu kikubwa tangu Dama. Sora alileta maziwa akakaa nao, hakuuliza kitu. Hata Hared alikuja kutoa pole, akaiacha betri bila kuitaja. Shangazi alizigawa nguzo: Ozi wewe, Tarasaa mama, Hola baba, na zile zisizo na kitambaa akawapa wengine mpaka zikaisha. Dabaso alikuja amenyoa nywele. Nilidhani atalia kwa ajili ya watu, lakini alilia kweli, Tamar. Siku ya mwisho alisimama akasema mbele ya wazee kwamba kwa upande wake sasa amefunguliwa, ataoa mwingine.

Wakaondoka. Siku tatu baadaye Ahmednoor, ambaye barua zetu hushukia dukani kwake, akaniletea barua yako ya Oktoba, mwandiko wako, u mzima, umehama nyumba.

Ningeweza kuondoka saa ile ile kwenda Tarasaa. Sikwenda. Nitakwambia kwa nini, na unihukumu. Ua ulikuwa umejaa watu. Nilikuwa sijalala nikisikia mtu mwingine akikoroma tangu nimzike mke wangu. Niliona nikiwaambia walilia bure, hawatakuja tena hata nikifa mimi.

Nipe neno la kuwaambia. Lolote utakalosema nitawaambia.

Kaka yako,
Jairus


Glasgow,
11 Machi 1956

Kaka Jairus,

Mimi mzima. Ni jambo la ajabu kuliandika hilo kwako kama habari.

Barua yako niliisoma kazini wakati wa mapumziko. Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuniuliza, na nilipotaka kuwaeleza nikaona siwezi tena kucheka. Niliwaambia ni habari za nyumbani.

Sasa nikwambie kazi yangu. Mimi ni kondakta wa tramu, zile troli kubwa za huku. Nina kofia, nina koti lenye vifungo vya shaba, na mashine ya tikiti inaning'inia kifuani. Gari lina ghorofa mbili kama lako, nami napanda na kushuka ngazi zile kutwa nzima. Wapo wasiotaka kunipa nauli mkononi, wanaiweka kitini. Wapo wanaoniita mpenzi, kwa sababu hapa kila kondakta huitwa hivyo. Gari haliondoki mpaka nivute kengele. Baba alisukuma wakubwa kwa mgongo, Jairus, na mimi nikivuta kamba gari zima linanitii. Nilitaka kukuandikia hilo tangu siku ya kwanza, nikaogopa utaelewa kwamba sirudi.

Kazi ikiisha narudi chumbani, nakaa kitandani na koti langu. Sikwambii kwamba nina furaha hapa. Nina upweke mwingi, mpaka mara nyingine namuuliza mtu saa barabarani nisikie tu ananijibu nini. Lakini upweke huu ni wangu, niliuchagua.

Kuhusu Dabaso. Sina ubaya naye, na nimeguswa kwamba alinililia. Lakini nilipelekwa kwa ndugu yake bila kuulizwa, nikaishi naye, nikamzika, kisha nikaambiwa nitarithiwa kama jembe. Nilipopata nafasi ya kuja huku na watoto wa watu, nilikimbia, na wewe ulijua. Usiniambie ataoa mwingine. Mwenye mmoja huongeza wa pili, na nyumba ile amekwisha kuijenga. Siku nikishuka Garsen wazee watakuja kwako, nawe hutaweza kuwakatalia. Sikulaumu. Wewe ni mtu wa kuvusha watu, hukuzaliwa kuwazuia.

Kwa hiyo neno uliloniomba ni hili: waache. Usiwaambie. Nimekwisha kuliliwa, na nasikia nilililiwa vizuri. Nikiwa nimekufa hakuna anayeningoja.

Gari la pili limepatikana. Nitalituma.

Tamar


Garsen,
27 Mei 1956

Tamar,

Salamu. Shangazi hajambo. Mto umejaa. Mbuzi wako hajambo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nimekasirika mahali pengine. Unasema wakuache ufe, kana kwamba kufa kwako ni kwako peke yako. Mimi nitafanya nini? Kwa msiba watu huja, hutandika mikeka, hupika. Kwa mtu ambaye yu hai na harudi hakuna anayekuja kukaa nawe. Hakuna hata pole inayosemwa. Unakaa na jambo lako, na watu wanakuuliza kwa nini umenuna.

Dabaso ameoa mjane wa Ozi, harusi ilikuwa baada ya Pasaka. Nimemtazama, ametulia. Na kuhusu kuwakatalia wazee, huenda unanijua na huenda hunijui. Sijawahi kujaribiwa.

Tikiti yako ni mpaka mwisho wa mwezi ujao. Barua hii naituma kwa ndege, nimemwomba Hared aipeleke Malindi kwa mkono wake. Rudi. Sijawahi kukuandikia neno hilo hata mara moja. Nimekuwa nikikuomba waya na reli na magari, kwa sababu nilidhani nikiwa na cha kukuomba, wewe utakuwa na cha kunijibu. Sasa sitaki gari la pili. Nakutaka wewe. Rudi, nami nitasimama mlangoni na yeyote atakayekuja kukudai atanipita mimi kwanza.

Nitauliza habari zako kwa kila lori litokalo Malindi.

Jairus


Garsen,
21 Oktoba 1956

Dada yangu,

Nakusalimu, kama salamu hii ina wa kuipokea. Huku tu wazima.

Mwezi wa sita ulipita. Malori yote yaliyotoka Malindi niliyasimamisha mimi mwenyewe, mengine mpaka dereva akanikasirikia. Mwezi wa saba nilijiambia barua iko njiani, wa nane pia. Neno lako la mwisho nililo nalo ni la Machi. Shangazi angeniuliza barua ni ya mwezi gani, nami ningemjibu, naye angesema watu hufa mwezi wa nne.

Shangazi Kadii amehamia kwangu. Alisema mfiwa hakai peke yake na kwamba huku viboko wana adabu zaidi. Anapika, anagombana na kuku, anamfokea Hared akichomoa betri kabla troli haijafika kituoni. Nyumba ina kelele. Siwezi kukudanganya kwamba sifurahi.

Juzi aliniuliza tena, safari hii polepole, bila watu: "Jairus, Tamar amekufa kweli?" Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikamwambia, "Ndiyo, shangazi, amekufa." Nimelisema kwa kinywa changu mwenyewe, kama ulivyotaka. Alishukuru. Alisema alikuwa akingoja nilikubali.

Basi kama u hai, nisikilize sana. Barua yenye jina lako isifike tena Garsen. Ahmednoor humwaga barua zote juu ya meza ya duka, na kila mtu hupekua. Ya ndani nayo haifichiki, kwa maana shangazi anapenda kusomewa, na mwalimu Kenga hupita jioni kumsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata risiti. Andika kama Bwana Murdo. Anajua Voi, watu wataamini kwamba alijifunza Kiswahili huko. Niandikie kama muuzaji anavyomwandikia mteja. Usitaje jina la mtu yeyote wa nyumbani, kwa kuwa mtu wa dukani hawezi kutujua.

Katika Tana yote, tangu Hola hadi Ozi, ni mimi peke yangu ninayejua kwamba huenda u hai. Niandikie hata mstari mmoja.

Mteja wako,
Jairus Changawa


Glasgow,
13 Januari 1957

Kwa Bwana Jairus Changawa,
Garsen.

Bwana,

Nimepokea barua yako ya Oktoba. Uniwie radhi kwa kukaa kimya. Ile ya Mei pia ilinifikia, tena kwa wakati. Niliandika majibu yake mara nyingi nikayachana, na siku zikaisha nikiwa bado nachana.

Pamoja na barua hii utapata gari la pili ulilosema hulitaki. Naomba ulipokee. Lina mkanda mwekundu. Fimbo yake ni laini, usiilazimishe. Utapata na reli za kupishana, ambazo nimezijaribu mwenyewe kwenye meza yangu siku ya Alhamisi.

Kuhusu lile jingine, ambalo ulitaka lisafirishwe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, nasikitika kwamba halikusafirishwa. Halikuharibika. Lipo hapa na linafanya kazi kila siku, mvua na jua, zaidi mvua. Siku ya meli lilifika mpaka bandarini, likakaa pale kwenye kigogo cha kufungia kamba mpaka meli ikatoka. Kisha likarudi zamu ya jioni. Nakuandikia haya kwa sababu mteja mwema ana haki ya kujua bidhaa aliyoiagiza iko wapi na iko katika hali gani.

Ulisema kwamba ungesimama mlangoni. Hilo nimeliandika mahali ninapoliona kila asubuhi nikivaa kofia.

Sisi wauzaji hatuna desturi ya kumuuliza mteja habari za nyumbani kwake, nani mgonjwa na nani amepona. Kwa hiyo siulizi. Lakini nimesikia kwamba kwako yupo mama mzee apendaye kusomewa barua. Anayesoma hii, ikiwa amefika hapa, tafadhali asome polepole, na ampe mama huyo salamu nyingi, nyingi sana, kutoka kwa mtu asiyemjua.

Wako katika biashara,
Murdo